Mnunuzi Atafika Saa Kumi

Nimeamka kabla ya goti langu.
Lenyewe huamka baadaye, likinung'unika ngazini
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Wanasema samaki mkunje angali mbichi;
hili nani alilisahau, likakauka limenyooka?

Jana usiku mjukuu wangu Ugne alinifungia ndoano tano,
uzi ukipita kwenye vitundu
ambavyo macho yangu huvipata kwa habari tu.
"Babu, tano zitakutosha?"
Nikamwambia moja hutosha, nne ni za kujigamba.

Oktoba. Ziwa Gilutis limejifunika ukungu hadi kidevuni.
Matete yamevaa jalidi, ya kwanza mwaka huu,
na mashua yangu, rangi imembanduka ubavuni,
imetulia gatini kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa.
Kibao nilikiandika mwenyewe: INAUZWA.
Zenonas wa kiwanda cha mbao kaahidi fedha taslimu,
saa kumi kamili. Watu wa mbao hawachelewi.

Basi nina siku moja.

Makasia ishirini, nikapumzika.
Ishirini, nikapumzika.
Zamani Aldona alikaa mbele akinihesabia,
akiruka namba makusudi ili nijione hodari.
Leo nimehesabu peke yangu, kwa uaminifu,
na ng'ambo ni mbali.

Paiki si samaki wa kubembelezwa.
Ana mdomo wa bata na meno ya msumeno,
ubavu wa kijani wenye madoa hafifu
kama jua lililochujwa na majani.
Hulala ndani ya matete, hatikisi hata pezi,
akingoja mwenye haraka apite.
Nami nimekuwa na haraka miaka hamsini.

Saa tatu: hakuna.
Saa nne: mmoja, urefu wa mkate. Nikamrudisha,
nikamwambia amsalimie mama yake.
Saa sita: supu ya bitiruti, vidonge viwili vyeupe
na kimoja cha waridi, cha moyo.
Danguole akapiga simu kutoka Kaunas:
"Baba, jaketi la kujiokolea unalo?"
Ninalo, nikasema. Nilikuwa nimelikalia.

Ndipo chelezo kikatoweka.
Hakikuchezacheza. Kilikuwapo, kisha maji yakawa matupu.

Sitasimulia kwa urefu, maana wavuvi huongeza.
Nitasema tu kwamba nanga iliburuzwa,
goti likasahau kuwa ni goti,
na mshipi ukalia sauti nyembamba
ambayo sikio langu la kushoto, bovu tangu jeshini,
lilisikia.
Mara tatu alikuja hadi ubavuni, akanitazama,
mara tatu akaondoka na mita zangu zote.
Mara ya nne tulikuwa wazee wawili wanaohema.

Nilimlaza kwenye wavu, ndani ya maji yake.
Nikashika koleo. Kwenye taya lake, kando ya ndoano yangu,
palikuwa na nyingine, yenye kutu,
imefungwa kwa waya wa shaba uliosokotwa mara saba.

Mtu mmoja tu hufunga hivyo kwenye ziwa hili.
Miaka mitatu tumemcheka Zenonas
na paiki wake aliyekata mshipi, mkubwa kama mlango.
Kila harusi, kila matanga, tumemcheka.

Nikazitoa zote mbili.
Alibaki kidogo mkononi mwangu, baridi, mzito,
kisha akapiga mkia akanilowesha miwani.

Saa kumi kamili Zenonas akafika, bahasha mfukoni.
Nikamwekea ile ndoano kiganjani.
Akaigeuza. Akahesabu mizunguko ya waya kwa ukucha.
Bahasha hakuigusa tena.
"Alikuwa na ukubwa gani?" akauliza, taratibu.
Nikanyoosha mikono, nikaona sitaaminika,
nikaipunguza kidogo.

Tulikaa gatini hadi taa za ng'ambo zikawaka.
Mbao zilikuwa na unyevu,
naye, kuokoa suruali yake nzuri,
alikuwa amekalia kibao.